Nyumba ya Mwisho, Darasa la Tatu

Jarida la machipuko la kanisa lilikuwa tayari, kasoro ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo ulikuwa wa mchungaji.

Kurasa nyingine tatu katibu wa kanisa alikwisha kuzipanga tangu wiki iliyopita. Mfereji wa paa upande wa jikoni umezibuliwa, na sasa mvua inaangukia nje, mahali pake. Kwaya inatafuta waimbaji wa sauti ya nne, hasa wale wanaofika mazoezini. Watoto wa shule ya Jumapili wamepanda maharagwe katika makopo. Kopo moja halijaota, na watoto wanaombwa wamwache mwenzao kwa amani. Kitasa cha mlango wa choo kimetengenezwa tena. Hizo ndizo zilikuwa habari, na kwa kanisa la Methodisti la watu mia na kidogo, katika mtaa wa maghala na karakana, hazikuwa haba.

Katibu mwenyewe alikuwa mpiga chapa mstaafu, mama mwenye miwani ya kusomea na miwani ya kuonea mbali, na kila alipohitaji ya kwanza alikuwa amevaa ya pili. Alikuwa na chuki moja tu maishani: karatasi isiyojaa. Popote palipobaki nafasi aliweka ua. Lilikuwa ua lilelile, la petali tano na jani moja, na kwa miaka kumi na tisa lilikuwa limechanua chini ya matangazo ya harusi, ya misiba na ya kamati ya majengo bila ubaguzi.

"Mchungaji, nakungoja wewe tu," alisema Jumatatu asubuhi, kichwa chake kikiwa mlangoni mwa ofisi. "Ukurasa mzima, mama. Usinipe nusu."

"Nitakupa," alisema mchungaji.

Mlango ulipofungwa alirudi kwenye karatasi yake. Alikuwa ameandika, "Wapendwa, majira ya machipuko yamefika, na kila mti unatukumbusha," kisha akakwama hapohapo, kwa sababu hakuwa na hakika mti unamkumbusha nani nini. Kulikuwa na mti mmoja nje ya dirisha, karibu na mapipa ya taka, na kweli ulikuwa umeanza kutoa majani. Hakuwa na ugomvi nao. Hakuwa na la kusema juu yake, basi.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita katika kituo hiki. Wamethodisti hawamwachi mchungaji mahali pamoja mpaka aote mizizi. Kila baada ya miaka kadhaa kamati hukaa, orodha ya vituo hupangwa, na watu hufunga mizigo. Yeye na mumewe dereva wa lori walikuwa wameishi katika nyumba saba za kanisa, na nyumba zote saba zilikuwa na mlango wa jikoni usiofunga. Mumewe alikuwa njiani wiki mbili kati ya kila tatu. Alikuwa mtu mwema wa maneno machache, na alipoambiwa kwa simu juu ya barua ya kuacha kazi alisema, "Uamuzi ni wako, mke wangu. Lakini usiitume ukiwa na njaa."

Barua ilikuwa kwenye droo. Hiyo haikumkwamisha hata kidogo. Aliiandika kwa dakika kumi. Ilikuwa ya kwenda kwa Msimamizi wa mzunguko, yaani mkubwa wa makanisa yote ya eneo lile, na ilimwomba aliondoe jina lake kwenye orodha ya vituo na ampumzishe kazi ya uchungaji. Kamati ilikuwa inakaa Jumamosi. Barua zilipaswa kufika mkononi mwa Msimamizi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na ofisi yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Jina likishaondoka, limeondoka. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na mchungaji aliupenda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Sababu hakuiandika, kwa kuwa kila alipojaribu ilionekana ndogo. Mama yake alikaa naye miaka miwili, kisha mwanzo wa baridi akafariki. Mchungaji wa kanisa jirani, ambaye alikuwa azike, aliamka siku ile na homa na sauti imekauka. Hakukuwa na mwingine. Basi binti akavaa joho, akasimama juu ya kaburi la mama yake mzazi, akasoma maneno yote bila kuruka hata moja, akamwaga udongo, na mwanakwaya aliyepaswa kuanzisha wimbo aliposhindwa kwa kilio, akauanzisha yeye. Watu walifarijika sana. Watatu walimshika mkono na kumwambia hawajapata kuona mazishi mazuri vile. Siku nne baadaye ilikuwa Jumapili, na ratiba ya wahubiri, ambayo hupangwa miezi mitatu kabla na kubandikwa ukumbini, ilionyesha kwamba zamu ni yake. Akapanda mimbarini. Tangu siku ile alikuwa hajalia, na alipopiga magoti kuomba hakuja mtu. Hivyo ndivyo alivyoliona yeye mwenyewe: anabisha, na ndani hamna mtu.

Sasa, kuna desturi moja lazima ielezwe, maana bila hiyo yote yaliyofuata yataonekana kama ukorofi wa mzee mmoja. Tangu zamani Wamethodisti hugawanywa katika madarasa. Si ya shule. Darasa ni nyumba kumi na mbili na kiongozi mmoja, na kiongozi huzipitia nyumba zake kila msimu na daftari, kuuliza swali moja tu: hali ya roho yako ikoje? Haulizi magoti, haulizi watoto, haulizi mbona hukuonekana. Mahali pengine desturi hiyo imekufa, au imegeuka kuwa chai. Hapa bado ilikuwa hai, kwa sababu ya watu wachache wenye vichwa vigumu.

Nyumba ya mchungaji haiwi kwenye orodha ya darasa lolote. Mchungaji ndiye anayewakusanya viongozi na kuwauliza wao. Lakini mama yake alipohamia kwake alikuwa muumini kama waumini wengine, akahitaji darasa, na nyumba ikaandikwa mstari wa mwisho wa darasa la tatu. Alipofariki ilipaswa kufutwa. Katibu alichukua orodha ya msimu uliopita, akainakili kama ilivyo, akaileta isainiwe. Mchungaji aliisaini juu ya goti lake, simu ikiwa sikioni, bila kuitupia jicho.

Jumanne saa kumi alasiri mlango wa nyumba ukagongwa.

Alikuwa fundi viatu, kiongozi wa darasa la tatu, mzee wa miaka sabini na moja mwenye vidole vyeusi kwa dawa ya viatu na uso ambao haukuwahi kutuhumiwa kucheka ovyo. Aliwahi kuwa mhubiri pia, lakini viongozi wenzake walimpumzisha kwa upole kwa sababu mahubiri yake, kwa urefu, yaliunguza vyakula vya watu majumbani. Kwapani alikuwa na daftari lenye jalada gumu lililoshonwa upya kwa uzi wa viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa kazi ya darasa."

"Darasa? Mzee, mama hayupo tena."

"Najua mama hayupo. Nilibeba jeneza." Akafungua daftari, akaweka kidole. "Nyumba ipo. Orodha imetoka, nyumba kumi na mbili, ya mwisho hii. Ndani ya nyumba hii nani yupo?"

"Mume wangu yuko safarini."

"Kwa hiyo wewe." Akatoa kalamu. "Hali ya roho yako ikoje?"

Mchungaji alitabasamu. Ilikuwa tabasamu ya kazi, aliyokuwa akiivaa asubuhi pamoja na kola. "Namshukuru Mungu, mzee. Tunaendelea vizuri."

Fundi hakuandika neno. Kisha akafunika kalamu. "Hilo ni jibu la mlangoni," alisema. "Nitarudi."

Mchungaji alifunga mlango, akabaki ameshika kitasa. Alikasirika, na hasira ilimshangaza, maana kwa miezi alikuwa hajisikii lolote. Nani alimtuma huyu? Kwa nini asiende kuwauliza wanaotaka kuulizwa?

Jumatano asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa katibu. "Dada, kuna kosa kwenye orodha. Nyumba yangu haikufutwa."

Katibu alibadilisha miwani, akabadilisha tena, akaisoma orodha kutoka juu hadi chini na mkono ukaenda mdomoni. "Jamani! Ni mimi. Nimeinakili na mama yako ndani yake. Mchungaji, nisamehe, nimekukumbusha msiba."

"Si neno. Ifute tu."

"Kufuta siwezi." Sasa alikuwa katibu tena. "Orodha ikishasainiwa haiguswi mpaka kikao cha viongozi, na kikao ni baada ya Pasaka. Wewe mwenyewe ndiye uliyeileta kanuni hiyo, mwaka ule kina mama wa darasa la kwanza walipokuwa wanahama darasa kila wakigombana." Akageuza karatasi. "Na sahihi ni yako hii. Tena umeiandika vizuri. Ukurasa wangu je?"

"Kesho."

"Maana nina ua moja tu, Mchungaji. Haliwezi kujaza ukurasa mzima."

Siku hiyo mchungaji aliandika mistari mitano juu ya mti, akaisoma, akaichana. Alitembelea wagonjwa wawili na mjane mmoja. Kila mmoja alimpa mkono wake aushike, naye akaushika, na kila mmoja alimwambia Mungu akubariki kwa kuja. Alirudi nyumbani anaburuta miguu. Kwa namna fulani alijua kwamba angeweza kuendelea hivi miaka kumi mingine bila mtu kugundua chochote, na hilo ndilo lililomwogopesha kuliko mengine yote. Aliitoa barua kwenye droo akaiweka mezani, karibu na funguo, tayari kwa Ijumaa.

Alhamisi saa kumi fundi alirudi. Safari hii hakungoja kukaribishwa. Alipita hadi jikoni, akavuta kiti kilekile ambacho, bila shaka, alikuwa amezoea kukikalia wakati wa mama, akaweka daftari mezani. Barua ilikuwa pale, na anwani ya Msimamizi juu yake, imeandikwa kwa herufi kubwa. Aliiona. Hakuuliza. Alitazama chini, akatazama viatu vya mchungaji.

"Hivyo ndivyo ulivyovaa makaburini."

"Ndivyo nilivyo navyo, mzee. Vingine ni ndala."

"Kisigino cha kulia kimekwisha upande. Unaegemea." Akafungua kalamu. "Hali ya roho yako ikoje?"

"Mzee wangu, nakuheshimu sana. Lakini orodha imekosewa. Katibu mwenyewe amekiri. Mimi siko darasani kwako, siko darasani kwa mtu yeyote. Mchungaji hana darasa."

"Najua imekosewa. Niliona siku ileile ilipotoka. Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Fundi viatu hakuwa mtu wa kueleza mambo. Alirudisha kurasa za daftari nyuma, moja moja, akilowesha kidole, mpaka akaupata ukurasa wa nyumba ile, akauzungusha juu ya meza na kuusukuma mbele yake.

Mwandiko ulikuwa wa mtu anayeshika kalamu kama anavyoshika sindano ya kushonea ngozi. Kila msimu ulikuwa na mstari wake. Wa kwanza: *Roho njema. Magoti yanauma, sikuuliza magoti.* Uliofuata: *Njema. Anasema nyumba hii ina upepo jikoni.* Kisha: *Aligombana na Mungu juu ya macho yake. Wamepatana, lakini si sana.* Mchungaji alicheka bila kukusudia, maana ilikuwa sauti ya mama yake hasa, na alikuwa hajaisikia tangu mwanzo wa baridi. Kulikuwa na mistari saba. Akashuka hadi wa mwisho, wa wiki mbili kabla ya msiba.

*Roho i salama, yuko tayari. Ameniuliza: na binti yangu, yeye huulizwa na nani? Sikuwa na jibu.*

Alisoma mara ya pili. Mara ya tatu hakuweza, kwa sababu maandishi yalikuwa yamevurugika. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watu wanavyolia mazishini wakati kuna mtu mwingine wa kusoma maneno. Fundi hakumpiga bega wala hakutoa kitambaa, na hakunukuu mstari wowote wa Maandiko, ingawa alijua mingi. Alikaa. Aliinuka mara moja tu, akaenda kuufunga mlango wa jikoni, ambao haukufunga, akauegemezea kiti na kurudi.

Mchungaji alipotulia, mzee aliichukua kalamu. "Sasa nakuuliza mara ya tatu, mwanangu."

"Imechoka," alisema. "Imechoka, mzee. Nilimzika mama yangu kama kazi. Sikupata kukaa na wafiwa hata dakika moja. Naomba na hakuna kitu. Napanda pale mbele nawaambia watu mambo ambayo mimi mwenyewe siyasikii, nao wanashukuru. Naona haya. Nataka kuacha."

Mzee aliandika polepole, yote, akiuliza mara moja "haya, au hasira?" na kuandika haya. Alipomaliza akapuliza wino.

"Utaratibu wa darasa unaujua," alisema. "Mgonjwa hafanyi zamu. Wenzake wanaibeba. Jumapili hii nani yuko kwenye ratiba?"

"Mimi."

"Basi nitapanda mimi. Nitajitahidi niwe mfupi." Alifikiri kidogo. "Kiasi. Wewe utakaa benchi la mama yako. Juu ya hiyo barua sina neno, haiko kwenye daftari langu. Vua viatu."

"Mzee?"

"Vua. Kisigino hicho kitakuangusha. Njoo uvichukue Jumamosi."

Akaondoka na viatu vya mchungaji wake vikining'inia kwenye vidole vyeusi, na majirani wawili wakamwona.

Ijumaa kulikucha kwa jua. Mchungaji alikunywa chai, akakumbuka maneno ya mumewe, akala mkate na mayai mawili. Barua ilikuwa karibu na funguo. Saa tatu aliitazama, saa nne akaitazama tena. Hana viatu. Ni kweli angeweza kwenda na ndala. Hakuna sheria ya kanisa inayokataza mtu kuacha kazi akiwa amevaa ndala. Hata mguu peku angefika, ni nusu saa tu. Saa tano alikuwa bado ameketi, na hapo alielewa kwamba hangojei viatu. Bado alikuwa amechoka, kuchoka kulekule, hakuna kilichopungua hata kidogo. Ila sasa palikuwa na mtu mmoja aliyejua, na alikuwa ameliandika kwa wino. Alivuta karatasi ya jarida, akaandika, na haikumchukua dakika tano. Saa sita ya Msimamizi ilimpita akiwa anamtafuta katibu kwa simu ili amsomee.

Katibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni hiyo tu, Mchungaji? Ni mistari minne."

"Ni hiyo tu."

"Ukurasa utabaki mtupu karibu wote."

"Najua, dada. Weka ua lako."

Jumapili alikwenda kanisani akiwa na visigino vipya, akahisi amerefuka upande mmoja. Alipita katikati ya watu bila joho, akakaa benchi la tatu kutoka nyuma, mahali ambapo mto wa mama yake wa kukalia ulikuwa bado upo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuondoa. Kutoka pale mimbari ilionekana mbali na juu sana. Alikuwa hajapata kujua kwamba kutoka benchi lile mtu haoni vizuri, nguzo imeziba, na mama yake hakulalamika hata siku moja. Mbele, fundi viatu alikohoa, akaanza, na baada ya robo saa alikuwa bado kwenye utangulizi.

Jarida lilikuwa limewekwa kwenye kila benchi. Alilifungua. Mfereji, kwaya, makopo ya maharagwe, kitasa. Kisha akarudi ukurasa wa mbele.

*Wapendwa. Mama yangu alifariki mwanzo wa baridi, na mimi ndiye niliyemzika.*

*Nimechoka sana, na kuomba kumenishinda.*

*Tafadhali niombeeni ninyi kwa kipindi hiki.*

*Ni mimi, mchungaji wenu, darasa la tatu.*

Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Alitafuta ua hadi ukingoni mwa karatasi, akageuza, akarudi tena. Baada ya miaka kumi na tisa katibu alikuwa ameuacha ukurasa wazi. Mchungaji aliinua macho akamtafuta, akamwona safu mbili mbele, hana miwani hata moja usoni, anafuta macho kwa kiganja. Ndipo, bila yeyote kutangaza, mwanamke aliyekaa kushoto kwake, ambaye alikuwa na jarida wazi magotini, akanyoosha mkono na kuushika wake, na mchungaji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameshika mikono ya watu, akauacha ushikwe.